Pa ya Shimo la Nne

Niliambiwa nichore bango la shimo la nne, nikaenda na rangi zangu, nikakuta hakuna shimo. Kulikuwa na nguzo ya chuma, minyororo inaning'inia juu yake, na chini ya minyororo kikapu cha waya. Nikamuuliza mume wangu shimo liko wapi. Akanionyesha kikapu.

"Hicho ni kikapu," nikamwambia.

"Ndilo shimo lenyewe."

"Baba watoto, mimi ni mchora mabango. Nikiandika shimo, watu watatafuta shimo."

"Mchezo ndivyo unavyosema, mama watoto. Wewe andika tu."

Hapo ndipo kichwa kilipoanza kuniuma, na hakijaacha sawasawa mpaka leo. Mimi kitu nisichokielewa huniudhi kana kwamba kimenitukana, na mchezo huu ulinitukana tangu siku ya kwanza.

Unaitwa gofu ya visahani. Unasimama kwenye bamba la saruji, unatupa kisahani cha plastiki kuelekea kikapu, unakifuata kilikoangukia, unatupa tena kutoka hapo, mpaka kiingie. Anayetupa mara chache ndiye mshindi. Mpaka hapo naelewa, mtoto wa chekechea angeelewa. Kiwanda cha nguo anakofanya kazi mume wangu kina kiwanja kikubwa nyuma ya karakana, na kwa miaka kilikuwa makaburi ya mashine chakavu. Meneja mpya akaamua wafanyakazi wapate mchezo. Wakafyeka majani, wakaburuta vyuma hadi pembeni, wakasimika vikapu tisa. Mume wangu, fundi mitambo, akafanywa mwenyekiti wa klabu. Rafiki yake wa karakana, tunayemwita Spana, akawa katibu kwa sababu simu yake ina kikokotoo kizuri.

Kila bango lilitakiwa kuwa na namba ya shimo, umbali, na kitu kinachoitwa pa. Pa, walinieleza, ni idadi ya mitupo ambayo shimo linastahili. Spana akaniletea namba zote tisa, kaziandika kwa makaa kwenye kipande cha boksi. Nikazisoma mara mbili. Shimo la pili, ambalo nikitema mate nalifikia, pa nane. Shimo la sita, linaloanzia karakana na kuishia ukuta wa nyuma, pa nane vilevile. Shimo la nne, tisa.

"Spana, hizi namba umeziota?"

"Shemeji, hesabu haina undugu. Tumetupa watatu, tumejumlisha, tumegawa kwa tatu."

"Na shimo fupi na shimo refu yakawa sawa?"

"Ndivyo ilivyotokea," akasema, na akatazama viatu vyake.

Watatu hao walikuwa Spana, mume wangu, na baba mkwe wangu. Na hapa lazima niseme kidogo juu ya baba mkwe, maana bila yeye hata mimi nisingejali kama pa ni nane au themanini.

Alikuwa msimamizi wa ukumbi wa ufumaji katika kiwanda kilekile, tangu enzi za mashine za zamani mpaka alipostaafu. Walimwita Bwana Saa. Kila jioni alitembea kati ya mistari ya mashine, saa mkononi na filimbi shingoni, na hakuna aliyethubutu kuzima mashine yake kabla Bwana Saa hajafika mwisho wa ukumbi na kupuliza. Hata kama umemaliza, hata kama uzi umekwisha, ulisimama pale ukijifanya unafuta vumbi. Najua, kwa sababu nilikuwepo. Kabla sijaolewa na mwanawe nilikuwa mfumaji chini yake, na yeye ndiye aliyeweka kiwango: majora manane kwa zamu. Mimi nilitoa sita. Nikijikaza sana, sita na kitu. Nilikwenda ofisini kwake kumlilia apunguze, akanisikiliza mpaka mwisho, akaniambia nirudi kwenye mashine. Kile kiwango sikukifikia hata siku moja, ndiyo maana leo ninachora mabango.

Kiharusi kilimpata miaka mingi baadaye, akiwa kwetu, anafunga kamba za viatu. Upande wa kulia ukalala. Kusema akarudia kusema, kutembea akatembea kwa mkongojo, lakini mkono wa kulia akauweka kwenye mfuko wa koti na hakuutoa. Akakaa dirishani. Nyumba yetu imepakana na kile kiwanja, na yeye alikitazama siku nzima, chai ikipoa mbele yake. Ukimsalimia anaitikia, ukimuuliza anasema hajambo. Mtu aliyekuwa akitisha ukumbi mzima sasa hata nzi hamfukuzi. Niliwahi kumchukia, lakini kumwona vile kuliniumiza kuliko nilivyotegemea.

Kilichomtoa ni kisahani. Kilipeperushwa na upepo, kikavuka ukuta, kikatua kwenye beseni langu la nguo. Mume wangu akaja mbio kukifuata, akamkuta baba yake amesimama uani, kakishika kwa mkono wa kushoto, anakigeuzageuza. Akakirusha. Kilikwenda ovyo, kikagonga kamba ya nguo, kikaanguka. Mzee akasema, "Hebu kilete tena." Tangu siku hiyo kila asubuhi anavaa viatu, anapita geti dogo la nyuma, anakwenda kutupa na vijana. Anakula. Ananilalamikia chumvi. Nilifurahi mno kulalamikiwa chumvi.

Basi nilichora namba nilizopewa. Tisa ya shimo la nne niliichora vizuri sana, nyekundu yenye ukingo mweusi.

Nilipokuwa naning'iniza mabango niliwatazama wakicheza, nikazidi kuchanganyikiwa. Mume wangu alitupa mara mbili tu kisahani kikatua hatua moja kutoka kikapuni. Nikasema moyoni, haya, anatia. Akatupa, kikapita juu. Akakiokota, akatupa, kikapita kushoto. Akatupa tena, kikapita kulia. Huyu ni mtu anayepitisha waya kwenye tundu la skrubu gizani! Spana naye yuko palepale, anakizungusha kisahani chake kando ya kikapu kama anakifanyia tambiko. Nyuma yao mzee alikuwa bado ndani ya mtaro unaokata njia ya shimo la nne, anatupa, anakohoa, anafuata, anatupa. Alipotia hatimaye, minyororo ikalia, na papo hapo vijana wakatia vya kwao.

Nilidhani hawajui kucheza. Nikawacheka mpaka jioni.

Mkaguzi wa chama cha mchezo alikuja asubuhi kuangalia kama uwanja unafaa kwa mashindano ya viwanda. Alikuwa dada kijana, kofia ya chepeo, mkoba wa visahani begani. Alisoma bango la kwanza akatabasamu. La pili akatabasamu zaidi. Kwenye la nne akasimama.

"Huu utani nani kaufanya?" akauliza.

"Utani gani?" nikang'aka. Kazi yangu haiitwi utani.

"Dada, bango ni zuri. Ila hii pa."

Akaweka mkoba chini, akapanda kwenye bamba. Mtupo wa kwanza ulipita kati ya miti miwili iliyo mbele ya bamba kama umeelekezwa njia. Wa pili ukakata kona ya mtaro, ukatua karibu na nguzo. Wa tatu akausindikiza tu, minyororo ikalia. Hakuwa hata amevua kofia.

"Pa ya shimo hili ni tatu," akasema.

"Walijumlisha, wakagawa," nikasema, maana Spana alikuwa amebanwa na kikohozi cha ghafla.

"Pa haipatikani kwa kugawa mitupo ya waliokuwepo. Unajiuliza: mchezaji mzuri, bila kukosea, siku ya kawaida, atahitaji mitupo mingapi? Kuna mitupo ya kufika karibu na kikapu, kisha kuna ya kutia."

"Mchezaji mzuri kama nani?"

"Inategemea uwanja mmemjengea nani. Wa mabingwa, unamfikiria bingwa. Wa wanaoanza, unamfikiria anayeanza lakini mzuri."

"Anayeanza lakini mzuri! Na siku ya kawaida ndiyo ipi?"

"Isiyo na mvua wala upepo mkali."

"Na huyo asiyekosea yuko wapi? Mimi sijawahi kukutana naye."

Akacheka. "Hakosei, lakini habahatiki pia. Kisahani kikigonga mti kikaingia kikapuni, hicho hatukihesabu. Tunatazama umbali, miti, mtaro, kona, mwinuko. Mti ule ungekuwa katikati ya njia, ningefikiria nne."

"Kwa hiyo mti ukikatwa pa inabadilika?"

"Inaweza."

"Na majani yakipukutika?"

Akavua kofia, akakuna kichwa. "Ndiyo maana watu hubishana," akasema.

Sikuelewa kichwa wala miguu. Tatu ya mtu asiyekuwepo, siku isiyokuwepo, asiyekosea na asiyebahatika, ndiyo tupimwe nayo sisi tuliopo? Lakini huku nabisha, kitu kilikuwa kinanikera kwa nyuma. Maneno yale nilikuwa nimeyasikia mahali. Mfumaji hodari, mashine nzima, siku ya kawaida. Ndivyo Bwana Saa alivyonijibu siku ile ofisini nilipomuuliza majora manane aliyatoa wapi.

"Mabango haya siwezi kuyapitisha hivi," mkaguzi akasema. "Yakibadilishwa leo, mashindano yatakuwa hapa." Akaenda kutazama shimo la tano.

Nikafungua mkebe wa rangi nyeupe nifute ile tisa. Mume wangu akanishika mkono.

"Usifute."

"Umesikia alivyosema."

"Nimesikia. Baba yuko njiani. Akifika akakuta tatu, kesho hatoki. Atarudi dirishani, mama watoto, na safari hii sijui nitamtoaje. Yeye anajua anafikia pa. Anarudi nyumbani anasema leo nimefikia. Unamsikia mwenyewe."

Nilimsikia, kweli. Kila siku akivua viatu alisema, "Leo nimefikia," na nilidhani anazungumzia nyumbani.

"Kumbe mlikuwa mnakosea makusudi?"

"Si makusudi." Akatafuta maneno. "Baba bado yuko mtaroni, mimi namalizaje? Mkono unakataa."

"Hata mimi, shemeji," Spana akasema taratibu. "Nikitaka kutia naisubiri ile filimbi."

Niliwatazama watu wazima wawili, wenye watoto shuleni, nikashindwa nicheke au nilie. Ukumbi ulikwisha zamani, mashine zile ziko pembeni mwa kiwanja zina kutu, na hawa bado wanafuta vumbi wakisubiri Bwana Saa afike mwisho. Na namba zangu zote tisa, kumbe nilichora mwendo wa mgonjwa mmoja. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini shimo fupi na refu yalilingana: hilo fupi lina mteremko, na mkongojo hauupendi mteremko.

Nilisimama na brashi mkononi. Nikifuta, nimemfungia mzee dirishani. Nisipofuta, mashindano yanakwenda kwingine na viwanda vyote vitamcheka bila yeye kujua anachekwa nini. Nilimkasirikia mume wangu, nikamkasirikia mkaguzi, nikamkasirikia aliyebuni mchezo.

Geti dogo likalia.

"Shikamoo, baba," nikasema.

"Marahaba." Akatutazama mmoja mmoja. "Mbona mmesimama kama mmeiba?"

Mkaguzi akawa anarudi. Akamwamkia vizuri, na mzee, ambaye macho yake hayakuwahi kupata kiharusi, akaona mkoba, kofia, mkebe wazi, brashi inayodondosha nyeupe.

"Wewe ndiye mwenye mchezo?"

"Mimi ni mkaguzi tu, mzee wangu."

"Hili shimo pa ni ngapi?"

Mume wangu alikuwa nyuma ya baba yake, anatikisa kichwa mpaka nikahofia shingo. Dada wa watu akamwona, akaniona mimi, akasita. Kisha akasema, "Tatu."

Mzee akasogea mbele. Alitazama bango langu, ile tisa nyekundu, kisha akatazama miti, kona ya mtaro, kikapu. Midomo ilikuwa inahesabu.

"Ni tatu," akasema. "Nani kaandika tisa?"

"Tulijumlisha, Bwana Saa," Spana akasema, na jina lile lilimtoka bila kukusudia.

"Wewe ulitupa ngapi?"

"Tisa."

"Na mwanangu?"

"Tisa."

"Na mimi tisa. Watu watatu, mmoja kilema, wote tisa." Sauti haikupanda, lakini niliisikia kama ninavyoikumbuka, ikipita juu ya kelele za mashine. "Mlikuwa mnanisubiri."

Spana akarudi kutazama viatu vyake.

"Nimetoka kila asubuhi nikijua nacheza na nyinyi. Kumbe nimevikwa kilemba cha ukoka! Nani kawaambia zamu bado inaendelea?"

"Baba, hatukutaka..."

"Panda hapo. Tupa. Na usinisubiri."

Mume wangu akapanda kwenye bamba. Mtupo wa kwanza ulipita kati ya miti, wa pili ukatua karibu na kikapu, nyuma kidogo tu ya ule wa mkaguzi. Akaenda, akakiokota kisahani, akakishika juu ya minyororo. Akasimama hapo. Akageuka kumtazama baba yake, mtu mzima yule, na uso wa mtoto aliyevunja kikombe.

"Tia," mzee akasema.

Akatia. Minyororo ikalia.

Mzee aliitazama minyororo mpaka ikatulia. Sikuweza kujua kama amekasirika, amefurahi au jua limemwingia machoni. "Ameweza lini huyu?" akaniuliza mimi, kwa sauti ndogo, kana kwamba mume wangu hayupo. Nikasema sijui, baba. Na kweli sikujua.

"Nendeni shimo la tano," akawaamuru. "Wote. Msigeuke nyuma."

Wakaenda. Mume wangu alitembea kama mtu anayeacha mtoto barabarani, lakini hakugeuka. Mkaguzi akamfuata Spana. Mimi nilibaki kwa sababu mabango ni kazi yangu, na hakuna aliyeniamuru kwa jina.

Akaegemeza mkongojo kwenye nguzo ya bango, akatupa kwa kushoto. Kikagonga mti. Akauchukua mkongojo, akafuata, akatupa. Mtaroni. Akateremka kwa makalio, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya watu, akatupa kutoka chini, kisahani kikarudi mtaroni. Akatukana, tusi la ukumbini ambalo sikuwa nimelisikia tangu usichana. Akatupa tena. Mpaka kikaingia nilikuwa nimeuma ukucha wote.

"Ngapi?" akauliza kutoka kule.

"Nane, baba."

"Usinidanganye."

"Naapa, nane. Jana tisa."

Akarudi polepole, jasho linamtiririka. "Mngeniachia ile tisa, leo ningekuwa nimeshaipita. Kesho ningetoka nje kufanya nini?" Akavuta pumzi. "Futa. Andika tatu."

"Hutaifikia, baba." Neno likanitoka. Mdomo wangu ndivyo ulivyo.

"Najua."

Nikashindwa kuvumilia. "Na mimi? Majora manane, mimi nilitoa sita. Ulijua kuwa sitayafikia?"

"Nilijua."

"Ungenipunguzia!"

"Kiwango kilikuwa sahihi," akasema, bila haya. Kisha, alipokuwa ameshageukia bango, "Nilikuwa nakuja kuyatazama yale sita. Mwanzoni yalikuwa manne."

Nilikuwa nimesahau yale manne. Miaka yote hii nimemkasirikia, na sasa sijui kama niendelee au niache, na mtu wa kumuuliza hakuna. Nikaipaka tisa rangi nyeupe. Nikachukua mkebe wa nyekundu, nikatafuta pa kuuweka, bango liko juu na ardhi pale ina mteremko.

"Lete," akasema mzee.

Mkono wa kushoto ulikuwa umeshika mkongojo. Akatoa wa kulia mfukoni. Ulikuwa mweupe kidogo, mwembamba, vidole vimekunjamana. Nikauning'iniza mshikio wa mkebe kwenye vile vidole, nikiogopa kuachia, kisha nikaachia. Vikashika.

Nikaanza tatu. Mkebe ulitetemeka, rangi ikamwagikia viatu vyake, tone, tena tone. Uso wake ulikuwa umekazana, mshipa umesimama kwenye paji.

"Baba, nipe niushike mwenyewe. Au ngoja upumzike kwanza, nitasubiri."

"Chora," akasema. "Usinisubiri."